Hofu ya daktari wa meno huanzia nyumbani
"Endelea na hizo pipi, nitakupeleka ukang'olewe meno!" Mtoto wa miaka minne akishazoea maneno hayo, kiti cha daktari wa meno kwake ni adhabu, na wengi hukua na hofu hiyo hadi utu uzima.

Ndiyo maana mtu haendi mpaka jino limnyime usingizi. Karafuu imeshindwa, vidonge vimeshindwa, shavu limevimba. Hapo ndipo penye ubaya: palipo na usaha pana asidi nyingi, na ganzi haishiki vizuri. Mgonjwa anaumia kweli, kisha anarudi kusimulia mbele ya watoto. Jino hilohilo lingewahiwa likiwa na kitundu kidogo, lingezibwa tu, pengine hata bila sindano.

Mpeleke mtoto kabla hajaumwa, ikiwezekana kabla hajatimiza mwaka mmoja. Siku hiyo kazi kubwa ni kufungua mdomo na kuangaliwa meno. Usimwambie "haiumi", kinachombaki kichwani ni kuumwa. Mwambie daktari atamhesabia meno. Na kama mzazi mwenyewe unatetemeka mlangoni, mwache aende na shangazi yake.