Mhimili Uelea Juu ya Mafuta

Gari la Ford Model T liliundwa nchini Marekani tangu 1908 hadi 1927, na hata leo wapo mafundi wanaozifumua injini zake na kuziunda upya. Kazi moja iliyo ngumu ni kuukalisha mhimili mkuu, yaani krenki, katika beringi zake. Je, mhimili ubanwe kabisa usicheze? La, mhimili uliobanwa hivyo hupata moto na kukwama.

Sababu yake ilianza kudhihirika Uingereza mwaka 1883. Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta, lakini mhimili ulipozunguka mafuta yalipanda na kufurika. Akaliziba tundu kwa kizibo cha mbao. Kizibo kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hisabati. Mhimili uzungukapo huyakokota mafuta na kuyaingiza katika mwanya unaozidi kuwa mwembamba, mfano wa kabari. Hapo kanieneo ya mafuta hupanda na kuuinua mhimili, hata ukaelea bila kuigusa beringi.

Utando huo wa mafuta wahitaji nafasi. Kwa kadirio la mafundi, mwanya huwa sehemu moja kwa elfu ya kipenyo. Krenki ya Model T, yenye kipenyo cha karibu milimita 32, yahitaji milimita 0.03 hivi. Mwanya ukipungua mno, joto huzidi, mafuta huwa mepesi na utando hukatika. Ukizidi mno, mafuta huvuja: kwa kanieneo ile ile, mwanya ukiwa maradufu, mafuta yapitayo huwa mara nane. Ndipo injini huanza kugonga.

Fundi hurekebisha mwanya kwa kuondoa vipande vyembamba vya madini vilivyo kati ya nusu mbili za beringi. Lakini krenki iliyolika ikawa na umbo la yai hubana upande mmoja na kulegea upande mwingine. Hiyo haiponi kwa vipande, wala kwa mafuta mazito; sharti ipimwe kwa maikromita pande zote, kisha isagwe upya.

Hatimaye, kabla mhimili haujazunguka hakuna kabari wala utando. Kwa hiyo fundi mwangalifu huzipaka beringi mafuta kabla ya kuifunga injini. Asiyefanya hivyo huweza kuiharibu kazi ya miezi kwa dakika chache.