Asiye na Makazi ni Nani?



Jumamosi iliyopita darasa la wakubwa lilikwama kwenye neno. Mwanafunzi mmoja aliandika habari za mzee anayelala nje karibu na stesheni, akataka kujua mtu huyo anaitwaje kwa Kiswahili. Mwenzake akasema "ombaomba", mwingine "chokoraa". Lakini wengi wanaolala nje hawaombi. Na chokoraa limetokana na kuchokora, kama mtu anavyotafuta kitu jalalani. Yote mawili humpa mtu jina la siku yake mbaya. Magazeti husema "asiye na makazi". Ni refu, lakini linataja alichokosa tu, na kilichokosekana chaweza kupatikana.

Hapa England kukosa makazi hakuanzii barabarani. Kwa Sheria ya Makazi ya 1996, mtu aweza kuhesabiwa kuwa hana makazi hata akiwa chini ya paa, ikiwa hana haki ya kukaa pale au akiendelea kukaa atadhuriwa. Anayelala kwenye kochi la rafiki aweza kuwamo. Mama anayepigwa nyumbani kwake yumo.

Sasa tujiulize: wangapi kati yetu tulifikia kwa jamaa? Godoro sebuleni, sanduku nyuma ya mlango, unasubiri wenyeji wamalize kutazama televisheni ndipo ulale. Sisi tuliita ugeni. Kwa sheria, huenda tulikuwa watu wasio na makazi. Tulichomzidi yule mzee ni shangazi mwenye sebule, tena sebule isiyochoka upesi. Maana sebule huchoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. London hakuna shamba la kumpeleka, kuna mkataba wa kupanga unaotaja idadi ya watu. Mwenyeji naye akitolewa, wanakuwa wawili nje.

Nadhani ndiyo maana tunageuza uso tukipita: tunaogopa kujiona pale. Na watoto huiga macho yetu. Tunawafundisha hapa kwamba mkubwa huamkiwa, hatukusema mkubwa mwenye nyumba. Mtoto akiwa na mzazi wake anaweza kumwambia yule mzee habari za asubuhi, kwa Kiingereza, kwa heshima ileile ya shikamoo. (Peke yake, hapana, mtoto hamsogelei mtu asiyemjua, awe na nyumba au asiwe nayo.) Pesa ni hiari ya kila mmoja. Ukitaka kununua chai, muulize kwanza kama anaitaka. Pengine ameshapewa vikombe vitatu asubuhi hiyo.

Yule mwenye kizibao chekundu anayeuza The Big Issue yuko kazini. Gazeti hilo lilianzishwa London mwaka 1991. Muuzaji hununua nakala kwa pesa yake, huiuza kwa bei ya juu zaidi, na tofauti ndiyo faida yake. Machinga wa Kariakoo angemwelewa mara moja. Ukimlipa bila kuchukua gazeti umemgeuza ombaomba. Chukua gazeti lako.

Ukimwona mtu amelala nje, StreetLink hupokea taarifa ya mahali alipo na kuifikisha kwa watu wanaotembelea wanaolala nje. Akiwa mgonjwa sana, piga 999.

Na kama ni wewe, au mgeni wako, usingoje mpaka mizigo iwe nje. Sheria ya 2017 inaitaka kaunsili ianze kumsaidia mtu anayekaribia kupoteza makazi ndani ya siku 56. Kibali cha kuishi huangaliwa, na si kila mtu hupata msaada wote, ila ushauri ni bure. Nenda na notisi ya mwenye nyumba, au barua ya mwenyeji wako inayosema mwisho wako wa kukaa ni lini. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani.