Je, Wajua? Samaki wa Kwanza wa Mtoto, Kutoka Ziwani Hadi Sebuleni

Mtoto ameomba samaki wa kufuga nyumbani? Mkubalie! Ila kabla hujapanda matatu hapa Pap Onditi kwenda Kisumu kumtafutia tangi la kioo, keti nami kidogo. Nina mambo ya kukushangaza, na nitaanza na la karibu kabisa.

Je, wajua kwamba mmoja wa samaki wa mapambo wanaopendwa sana Ulaya na Marekani ni mzaliwa wa ziwa letu, tena ana jina la Mwalimu Julius Nyerere? Wanasayansi walimpa jina la Haplochromis nyererei mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na tumbo jeusi. Ni fulu huyo, wa ukoo mmoja na fulu wanaovuliwa na watoto pale Kusa kwa ndoano na mnyoo!

Na fulu si samaki mmoja. Ziwa Victoria lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, kisha maji yakarudi. Tangu hapo zimetokea aina zaidi ya 500 za fulu: wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaokula wadudu, wanaokula samaki wenzao, hata wanaokula magamba ya wenzao. Hakuna kundi lingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kuzaa aina nyingi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Yote haya yametokea mlangoni petu!

Sasa sogea karibu, tumtazame fulu dume kwenye pezi la chini, lile la karibu na mkia. Umeona vidoa vya duara, vya manjano au rangi ya chungwa, kila kimoja kimezungukwa na ukingo hafifu? Vinafanana na mayai hasa. Jike akitaga huyaokota mayai yake mara moja na kuyaficha kinywani. Halafu anaviona vile vidoa, anadhani kuna mayai aliyoyasahau, anakwenda kuyaokota, na hapo ndipo anapopata mbegu za dume. Mayai hurutubishwa humo humo kinywani!

Je, wajua mama fulu hukaa na watoto kinywani kwa muda wa wiki mbili hadi tatu? Siku zote hizo hali kitu, au hula kidogo sana. Vifaranga wakishatoka na hatari ikatokea, hurudi mbio na kuingia tena mdomoni mwa mama. Mwonyeshe mwanao hilo mara moja tu, uone kama atakubali kwenda kulala.

Fulu ana taya za ziada kooni. Zile za mbele hukamata, za nyuma husaga. Yuko mmoja, Astatoreochromis alluaudi, ambaye za nyuma ni nene kiasi cha kuvunja konokono, na aliwahi kujaribiwa hapa Kenya kupambana na konokono wa kichocho. Lakini ukimlea tangini kwa chakula laini tangu utotoni, taya zile hukua nyembamba! Samaki ni yule yule, chakula kimebadilika, na mfupa umebadilika nacho.

Kwa nini fulu wana rangi kali hivyo? Ni kwa ajili ya macho ya majike! Majike wa aina fulani hupenda madume mekundu, wa aina nyingine hupenda ya buluu. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba maji yakichafuka na mwanga ukafifia, majike hushindwa kutofautisha, hujamiiana na madume wa aina nyingine, na rangi zenyewe hupauka. Maji safi ndiyo yanayoyapa madume rangi.

Halafu akaja mbuta, samaki mkubwa mla fulu. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kila mahali. Inakadiriwa aina 200 hivi za fulu zilitoweka, jambo ambalo bado linaniuma. Lakini sikia hili: baadhi ya aina ambazo hazionekani tena ziwani zimeendelea kuzaana ndani ya matangi ya vioo huko ng'ambo. Kuna fulu ambao kwao sasa ni kwenye kioo!

Na je, wajua wapi wengine walijificha? Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, kwenye vinamasi vya Yala. Ni ziwa dogo, kama kilomita 10 za mraba tu, lakini mbuta hakuingia humo. Ndimo alimosalimika ngege wa asili aliyekaribia kutoweka Ziwa Victoria. Ndimo anamoishi pia fulu mmoja mwenye wekundu, manjano na kijani mwili mmoja, na wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita fulu wa Krismasi. Neno letu "fulu" limesafiri pamoja naye!

Usikimbilie kumpa mtoto fulu kwa tangi la kwanza, lakini. Dume la fulu hulinda eneo lake kwa meno. Anataka tangi la lita zaidi ya 100, mawe ya kujifichia na majike kadhaa. Mweke akilini kwa mwaka ujao. Leo tunatafuta wadogo, wagumu, wenye rangi.

Tangi gani basi? Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 hubeba lita 54. Maji hayo peke yake yana kilo 54, yaani yanazidi mfuko mzima wa saruji! Weka kwenye meza imara, si juu ya kabati la televisheni. Na usidanganyike kwamba tangi dogo zaidi ni rahisi zaidi, maana kwenye maji machache uchafu kidogo tu humlemea samaki.

Je, wajua samaki wa maji yasiyo na chumvi hanywi maji? Humwingia yenyewe kupitia matamvua na ngozi, naye hukojoa karibu kutwa nzima. Pia hutoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Kinachomwokoa ni bakteria wasioonekana wanaokaa kwenye chujio na kokoto, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka wakatosha. Kwa hiyo anza na samaki wachache. Ukipata jirani mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe konzi moja ya kokoto. Hapo umepata bakteria bure!

Maji ya bomba yana klorini, nayo huwaua bakteria hao na kuunguza matamvua. Je, unataka kuchota ya ziwani badala yake? Ngoja. Vimelea vya kichocho vikishatoka kwa konokono havimalizi zaidi ya siku mbili hivi visipompata mtu. Chota maji yasiyo na konokono, yaache ndooni siku mbili kamili bila mtoto kutia mkono, ndipo uyatumie. Hata klorini ya kawaida ya bomba hupotea ndoo ikikaa wazi. Subira moja, faida mbili!

Na joto? Wafugaji wa nchi za baridi huchoma umeme mwaka mzima kupasha maji ya samaki hawa. Wewe uko Nyakach, karibu kabisa na ikweta. Weka tangi mbali na dirisha lenye jua kali, na hali ya hewa ya kwetu itafanya kazi iliyobaki.

Twende kwa samaki wenyewe. Danio mwenye milia, kutoka mito ya India na Bangladesh, ana sentimita 4 tu na havunjiki moyo. Nasema kweli, havunjiki! Ukikata asilimia 20 ya ile sehemu ya moyo wake inayosukuma damu, baada ya miezi miwili hivi moyo umejijenga upya. Asilimia 70 hivi ya jeni za binadamu zina wenzao ndani ya danio, na mwaka 1976 samaki hawa walipelekwa angani kwenye kituo cha Kisovieti cha Salyut 5. Nunua 6 au zaidi, kwa sababu hupenda kuogelea kundi.

Plati naye ni wa Mexico. Ana rangi nyekundu, ya chungwa, ya manjano na ya buluu, hagombani, na anazaa watoto walio hai. Kwa mtoto anayetaka rangi tu, usitafute zaidi.

Beta wa Thailand ana mapezi marefu kama kanga iliyotandazwa, na mwaka 2019 serikali ya huko ilimtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini. Ana kiungo cha pekee cha kuvuta hewa juu ya maji. Dume hujenga kiota cha mapovu, huyatia mayai humo na kuyalinda mwenyewe. Lakini weka dume mmoja tu! Wawili watapigana mpaka mapezi yabaki vipande.

Kwani kuvuta hewa ni kwa beta peke yake? Kamongo wetu anafanya hivyo hivyo, na ukimzuia asifike juu atakufa kwa kukosa hewa ilhali yumo majini. Jumla ya DNA katika seli yake moja ni zaidi ya mara 30 ya ile ya binadamu! Mmarekani Homer Smith, aliyewafuata kamongo hadi Ziwa Victoria, alitoa kitabu mwaka 1932 akakiita Kamongo. Usimweke tangini, tafadhali. Anaweza kufikia mita 2.

Na yule samaki wa dhahabu ndani ya bakuli la duara, ambaye kila mtu humfikiria kwanza? Mwache. Akipata nafasi hukua hata kupita sentimita 30, na mmoja wa Uingereza aliyetolewa zawadi kwenye mchezo wa maonyesho mwaka 1956 aliishi miaka 43! Hana tumbo la kuhifadhi chakula, ukimweka gizani muda mrefu rangi hupauka, na maji yakikosa oksijeni wakati wa baridi hujitengenezea pombe mwilini ili aendelee kuishi. Ni samaki wa ajabu, lakini wa bwawani.

Je, wajua Ziwa Tanganyika lina samaki wanaoishi ndani ya makombe ya konokono? Neolamprologus multifasciatus hafiki sentimita 5, na ukoo mzima hukaa kwenye makombe matupu yaliyotapakaa mchangani. Mtazame akifanya kazi: anajaza mchanga mdomoni, anaogelea kidogo, anautema, anarudi, mpaka kombe lake lizame apendavyo. Mkaribie kwa kidole naye atakuja kukutisha kupitia kioo, ingawa wewe ni mkubwa kuliko yeye maelfu ya mara! Wanatosha vizuri kwenye tangi letu la lita 54, mradi maji yasiwe ya mvua matupu, maana wamezoea maji magumu yenye madini.

Humo humo Tanganyika, mwaka 1986 mtafiti alieleza habari za ngogo mwenye madoadoa anayepenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolea kinywani. Mama wa watu huyaokota yote pamoja. Vifaranga wa ngogo huanguliwa mapema, kisha hula watoto wenye kinywa chao. Umeshtuka? Nami pia.

Na Unguja kuna Nothobranchius guentheri, dume lake mkia mwekundu mkali, anayeishi kwenye vidimbwi vinavyokauka. Wazazi hufa, mayai hubaki kwenye matope makavu miezi mingi, mvua ikinyesha yanaanguliwa. Wafugaji hutumiana mayai hayo kwa posta! Ndugu yake wa Msumbiji anaweza kuanguliwa, kukua na kutaga ndani ya siku 14 tu.

Samaki hajui hesabu? Mwaka 2022 watafiti wa Bonn, Ujerumani, waliwafundisha samaki wa Ziwa Nyasa kwamba alama za buluu maana yake ongeza moja, na za manjano maana yake toa moja. Wakaweza! Mwambie mwanafunzi wako wa darasa la kwanza.

Nimemweka wa mwisho ninayempenda kuliko wote kwa tangi la kwanza: gapi. Dume ana sentimita 3 hivi na mkia wa rangi zote, na wa porini ni nadra kukuta wawili wenye madoa yanayofanana. Jina limetoka kwa Robert Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad katika miaka ya 1860. Wamesambazwa duniani kula viluwiluwi vya mbu, na sasa wanaishi porini katika zaidi ya nchi 60, wakiwasumbua samaki wenyeji. Basi wakikuzidi, wape majirani, usiwamwage Sondu-Miriu hata mmoja.

Chakula chake kiko kwenye pipa lako la maji! Chota viluwiluwi, mimina tangini, hesabu sekunde. Na samaki wetu nao hawako nyuma: mwaka 2007 ilichapishwa kwamba tilapia waliowekwa kwenye mabwawa yaliyoachwa huko Kisii walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94 ndani ya wiki 15.

Gapi jike huzaa kila baada ya wiki 4 hivi, watoto 20 au zaidi, wakiwa hai na wanaogelea papo hapo. Panda majani mengi ya majini, kwani mama mwenyewe huwala. Na hapa ndipo nakuacha, msomaji: jike mmoja akishakutana na dume mara moja huhifadhi mbegu mwilini kwa miezi kadhaa. Utamnunua peke yake, umweke peke yake, naye atazaa, kisha atazaa tena, kisha tena. Tafuta tangi la pili!