Mkoa Ulihamia Bariadi, Maktaba Ikabaki Shinyanga

Juzi kijana mmoja wa kidato cha sita, mwenyeji wa Bariadi, aliniuliza: "Kaka, hivi maktaba za mkoa huwa zinatoka wapi? Serikali inaleta tu?" Swali zuri hilo, na wengi wetu wakubwa hatuna jibu. Ngoja nijaribu.

Sheria ya kwanza ya maktaba za umma ilitungwa mwaka 1963. Ya mwaka 1975, Sheria Namba 6, ikaja kuchukua nafasi yake, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania imeongozwa na hiyo. Maktaba Kuu pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nia ilikuwa huduma ishuke mikoani, kwa hiyo majengo yakafuata ramani ya mikoa ya enzi hizo.

Hapo ndipo penye kisa. Machi 2012 Simiyu ilizaliwa, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Itilima ikamegwa Bariadi, Busega ikatoka Magu mkoani Mwanza. Mkuu wa mkoa akishateuliwa, ofisi ataipata hata ya kuazima. Maktaba haiendi hivyo jamani! Rafu, vitabu na wakutubi vilibaki Shinyanga mjini na Mwanza.

Mimi nimesoma Bariadi ikiwa bado Shinyanga. Siku ya kwanza kuingia maktaba ya mkoa nilikuwa nimemsindikiza mjomba hospitali. Nikakaa na kitabu cha fizikia mpaka mjomba akaja kunitafuta, kanuna kweli kweli. Shuleni kwetu kitabu kile kilikuwa kimoja, tena cha mwalimu. Nauli ya kurudi kesho yake ningeitoa wapi?

Sasa jibu lenyewe. Bodi peke yake haijengi kila mahali. Halmashauri ikitoa kiwanja au jengo, Bodi inakuja na ushauri, vitabu na utaalamu (ina hata chuo chake cha wakutubi Bagamoyo). Simiyu ina halmashauri 6, mbili kati yake ni za Bariadi: ya Mji na ya Wilaya. Maana yake swali la huyu kijana ni la baraza la madiwani, wakati wa bajeti, siyo la kupeleka Dar.

Na wala si lazima lianze ghorofa. Miaka ya 1970, wakati wa kisomo cha watu wazima Kanda ya Ziwa, vilianzishwa vyumba vya kusomea vijijini, na Mwanza likatolewa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa waliotoka kujifunza kusoma. Kilichoviua vingi ni kukosa vitabu vipya. Mtu atasoma kitabu kilekile mara ngapi?

Sensa ya 2022 ilihesabu Simiyu watu zaidi ya milioni 2. Kijana nimemwambia aanze na diwani wa kata yake, amuulize kwenye ramani ya mji kiwanja cha maktaba kiko wapi. Kama hakipo aulize haraka, maana viwanja vinapimwa na kuuzwa kila siku.