Ufuo Unaohama

Henry Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, alikuta Ziwa Tanganyika limepanda. Michikichi mitatu iliyokuwa sokoni mwaka 1871, alipokutana na David Livingstone, sasa ilikuwa imesimama majini, na mchanga ambao wawili hao walizoea kutembea juu yake asubuhi ulikuwa umezama. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na mlango huo ulikuwa umezibwa kwa tope na matete. Mnamo 1878 hivi maji yakauzibua, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Leo mgeni anayezuru Makumbusho ya Livingstone, penye miembe, hulazimika kuteremka mwendo kidogo ndipo ayafikie maji.

Mtu wa Pwani huenda na bamvua na maji mafu. Anajua lini bahari itajaa na lini itatoa. Ziwa Tanganyika halina kalenda nyepesi namna hiyo. Hupanda masika na kushuka kiangazi, tofauti isiyozidi mita moja kwa kawaida, lakini chini ya mwendo huo upo mwingine wa polepole, wa miongo. Lilijaa sana miaka ya 1960, kisha likashuka, watu wakajenga na kulima palipokauka. Miaka ya 2020 likarudi: likaingia majumbani Kigoma na Ujiji, Gatumba nchini Burundi, na Uvira ng'ambo ya pili.

Ardhi hiyo ya kati, isiyo ya maji wala ya nchi kavu, ndiyo inayogombewa. Kusini mwa Ujiji, Mto Luiche unapoingia ziwani, pana delta ya matete na mafunjo. Mkulima anaipenda kwa sababu udongo wake ni tope jipya, na mpunga hustawi hata mvua ikiyumba. Hana kosa kuipenda. Lakini hapo hapo kuna wengine wenye haja na delta hiyo.

Mmojawapo ni samaki aitwaye ngege. Dume huchimba kwa mdomo shimo la duara kwenye mchanga wa maji mafupi, kama sahani, kisha hulilinda. Jike hutaga humo, hugeuka na kuyaokota mayai kinywani, akaondoka nayo. Siku za kuwaachia vifaranga, huwatema penye mimea, wanapoweza kujipenyeza kati ya mashina yanayomzuia samaki mkubwa. Matete yakifyekwa mpaka ukingoni, kinda hana pa kujificha, na kokoro likipita humzoa pamoja na mchanga wake.

Matete pia ni chujio. Maji ya mvua yanayotoka vilimani yakiwa mekundu hupoteza kasi yakigonga mashina, tope likazama kabla ya kufika ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kaskazini mwa ziwa, palipoingia tope jingi kutoka milima iliyokatwa miti, aina za samaki na za viumbe wadogo wa chini zilikuwa chache kuliko palipo safi. Ndiyo maana mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe, unahusika na ufuo hata pale unapopanda miti mlimani. Anayetaka kuponya mdomo wa mto aanze na mlima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukingo upi? Kwenye tambarare inayoinuka mita moja kwa kila mita 100, maji yakipanda mita moja tu ufuo huhama mita 100, na ukanda wote wa sheria unakuwa umelala chini ya ziwa. Vipimo vya haki ni vile vinavyoanzia alama ya maji makubwa, na Ujiji haikosi wazee wanaoweza kuionyesha kwa kidole.

Kutoka alama hiyo, nafasi inatosha. Mpunga na michikichi, ambayo wenyeji huiita migazi, vikae nyuma. Matete yabaki mbele na mazalia yalindwe, kama mradi wa Tuungane ulivyofanya na vikundi vya wavuvi wa vijiji vya kusini, Mahale na jirani zake. Na wanaokwenda kuogelea Jumapili? Hao wana rasi ya Kitwe, penye mchanga na mawe, mahali ambapo watoto wanaweza kurukaruka majini bila kukanyaga viota vya ngege vya delta.

Mwaka 2024 uvuvi wa ziwa ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nyavu zikakaa nchi kavu miezi mitatu. Mwezi Agosti mitumbwi ikarudi majini, taa zikawaka tena usiku mbele ya Ujiji. Matete yanayofyekwa kwa ajili ya shamba hayana tarehe ya kufunguliwa.