Upepo wa Ziwa na Picha za Angani Bukoba

Alfajiri, jua linapochomoza upande wa kisiwa cha Musira, Ziwa Viktoria hung'aa mbele ya mji wa Bukoba. Hiyo ndiyo saa aipendayo mpiga picha kurusha droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera. Lakini saa hiyo ina hatari yake.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa yake baridi, iliyo nzito, husogea kuelekea ziwani hadi asubuhi. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani.

Mathalani, droni huenda meta 10 kwa sekunde penye hewa tulivu. Upepo wa meta 5 kwa sekunde ukiisukuma kuelekea Musira, itakwenda meta 15. Ikirudi itakwenda meta 5 tu. Safari ya kurudi itachukua muda mara tatu ya ile ya kwenda. Anayengoja betri ifike nusu ataipoteza droni majini pamoja na picha zake. Yapasa aigeuze kabla ya robo kwisha.

Tena, kiwanja cha ndege cha Bukoba kiko ufukoni. Kwa hiyo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hutangulia hesabu zote.