Tunu za Msingi za Kanisa: Namna ya Kuzitambua na Kuzihuisha

Tunu za msingi za kanisa ni yale mambo ambayo waumini hawako tayari kuyaacha hata yanapowagharimu. Upendo, ukweli, utakatifu, huduma kwa maskini na usawa mbele za Mungu hutajwa katika katiba za madhehebu mengi. Lakini kuzitaja si kuziishi. Usharika unaweza kubandika tunu hizo ukutani huku maisha yake yakiongozwa na mambo mengine kabisa.

Tunu halisi hutambuliwa mahali penye gharama. Kitabu cha mapato na matumizi huonyesha kiasi kilichokwenda kwa wajane na kiasi kilichokwenda kwenye viti vya wageni rasmi. Kumbukumbu za vikao vya baraza la wazee huonyesha dhambi zipi hukemewa na zipi hufumbiwa macho, hasa mkosaji akiwa mtoaji mkubwa wa sadaka. Kwa mtu binafsi ushahidi upo karibu zaidi: namna anavyotumia mshahara wake, anavyosema na msaidizi wa nyumbani, na anavyofanya kazi msimamizi akiwa hayupo.

Pengo likishaonekana, Maandiko yanatoa utaratibu wa kuliziba. Katika sura ya pili ya Ufunuo, kanisa la Efeso linasifiwa kwa bidii na kwa mafundisho safi, kisha linaambiwa kwamba limeuacha upendo wake wa kwanza. Linaagizwa mambo matatu: kukumbuka lilikoanguka, kutubu, na kurudia matendo ya mwanzo. Kukumbuka peke yake huzaa huzuni tu. Toba isiyofuatwa na matendo huishia machozini.

Afrika Mashariki imewahi kuona utaratibu huo ukifanya kazi. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza kutoka Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata uamsho ulizuka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hasa Buhaya. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliandaa hoja za kupeleka kwenye sinodi ya Kanisa la Uganda mwaka 1936, kuhusu ubaridi wa kanisa na waumini wanaoshiriki Meza ya Bwana huku wakiishi dhambini. Alifariki mapema mwaka huo, kabla ya sinodi kuketi, lakini wito wake wa kuamka ulibaki.

Nguvu ya uamsho huo haikutokana na mafundisho mapya. Mambo yaliyokuwa yakihubiriwa siku zote yalianza kutendwa. Watu walitaja dhambi kwa jina badala ya kuomba msamaha wa jumla. Walioiba walirudisha mali. Wamisionari waliungama kiburi mbele ya Waafrika ambao wao wenyewe walikuwa wamewadharau. Katika mikutano ya ushirika, ndugu wa makabila mbalimbali waliketi pamoja na kuonyana. Tunu hizo zilipimwa Kenya katika miaka ya 1950: wengi wa ndugu hao walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, na wengi wao wakakataa pia kushika silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa.

Hata hivyo, tunu iliyohuishwa inaweza kuchakaa tena. Hatari moja ni kugeuzwa kuwa sheria, pale unyenyekevu unapoanza kupimwa kwa mavazi na mtindo wa nywele, na ushuhuda wa wokovu unapokaririwa kwa maneno yale yale bila moyo kuguswa. Hatari nyingine ni kudhani kwamba imani hurithiwa kama shamba. Rwanda, ulikozuka uamsho, ilishuhudia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na watu wengi waliuawa ndani ya majengo ya makanisa, baadhi yao na Wakristo wenzao. Usawa ambao kizazi kimoja kiliulipia gharama haukulinda kizazi kilichofuata.

Kwa sababu hiyo, kuhuisha tunu ni kazi ya kila kizazi, na hufanyika kwa hatua ndogo zinazorudiwa. Usharika unaweza kuchagua tunu mbili au tatu tu, ukazilinganisha kila mwaka na bajeti yake na maamuzi yake, kisha ukawauliza wale wasio na sauti, yaani vijana, wajane na wageni, kama wanaziona. Viongozi wakitangulia kuungama, waumini hupata ujasiri wa kufuata. Mtu binafsi anahitaji ndugu mmoja au wawili wenye ruhusa ya kumwambia ukweli. Anahitaji pia kurekebisha alipoharibu, kama mtoza ushuru Zakayo alivyoahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu: kulipa deni, kumtaka radhi aliyemsingizia, kumpa mfanyakazi ujira wake. Palipo na marekebisho ya namna hiyo, jirani asiyejua hata jina la dhehebu huweza kuzitambua tunu za kanisa.